Springi za Mbele za Gari la Mzee

Katika mkutano wa mwisho wa klabu, mwalimu wetu aliwaomba wanachama waandike juu ya jambo walilolishika kwa mikono yao wenyewe. Alisema amechoka kusoma insha za theluji ya kwanza na za hamu ya nyumbani. Sisi watatu tulitazamana tukacheka, kwa sababu tangu kiangazi mikono yetu haikuacha kunuka grisi, na kucha zetu zilikuwa zimeshatuaibisha darasani. Basi tunaandika juu ya springi.

Mmoja wetu ni wa Tanga, anasomea uhandisi wa mitambo. Wa pili ni wa Mombasa, anasomea uuguzi. Wa tatu ni Mmarekani wa hapa hapa Utah, aliyeanza Kiswahili miaka mitatu iliyopita na ambaye sasa anajua majina ya vipuri vizuri kuliko majina ya matunda. Tutasema "sisi" mpaka mwisho, kwa kuwa makosa tutakayoyasimulia tuliyafanya pamoja, na hakuna kati yetu anayekubali kubebeshwa peke yake.

Gari lenyewe si letu. Ni la Mzee, ambaye baadhi yenu mmepishana naye usiku akisukuma mashine ya kusafishia sakafu. Mzee ni wa Uvira. Kwa miaka mingi aliendesha pickup na malori kati ya Uvira na Bukavu, akipanda na kushuka milima ya Ngomo, mpaka vita vikamtoa. Alikaa kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na kutoka huko akaletwa Salt Lake City. Tulijuana kwa salamu. Usiku mmoja wa kipindi cha mitihani, mwenzetu wa Tanga alimwamkia shikamoo kwa mazoea tu, bila kujua anamwamkia nani. Yule mzee akazima mashine yake, akaitika marahaba, kisha akatuuliza kama tumekula.

Pickup yake ni Toyota ya mwaka 1988, yenye kebini ndefu kidogo na viti viwili vidogo vya kukunja nyuma ya dereva. Injini yake ni ya lita 2.4, silinda nne. Aliinunua kwa jirani kwa bei ya chuma chakavu, mbele ikiwa imevunjika, akaiegesha nyuma ya jengo lake kwa miaka miwili akiitazama. Mwezi wa Juni alitukabidhi funguo. "Mutengeneze, batoto," alisema. "Mukimaliza, munipeleke pahali penye haiko mataa." Miaka sita alikuwa Utah, na alichokijua ni nyumba yake, basi na kazini. Mwisho wa Oktoba angehamia Iowa kwa binti yake, kwa sababu mgongo wake ulikuwa haumruhusu tena kuishi peke yake. Tukaahidi. Ahadi kwa mzee si jambo la kuchezea, na tulikuwa na miezi minne.

Kwa wasiojua magari, tueleze kidogo. Pickup za Toyota za 4x4 zilizouzwa hapa Marekani mpaka mwaka 1985 zilikuwa na ekseli nzima mbele, yaani boriti moja ya chuma inayounganisha gurudumu la kulia na la kushoto. Kuanzia 1986 ziliwekewa magurudumu ya mbele yanayojitegemea, kila moja na mikono yake. Kwa lami mpango huo ni mzuri. Kwenye miamba watu wengi hupenda ule wa zamani, kwa sababu ekseli nzima ni imara, na gurudumu moja likipanda jiwe lile la pili husukumwa chini kutafuta ardhi. Kwa hiyo wako wanaong'oa mbele yote ya gari na kuchomelea ekseli nzima kutoka gari jingine. Ya Mzee ilikuwa imeshavunjika hata hivyo. Tulipata ekseli ya Land Cruiser 80, gari ambalo msomaji yeyote aliyepita barabara za vumbi za kwetu analijua. Matundu sita ya rimu zake yanalingana na ya pickup, na mbele hubebwa na springi za koili, ikishikwa na mikono miwili mirefu inayorudi nyuma kwenye chasisi. Fundi mmoja wa kuchomelea alitusaidia kushika mikono hiyo na vikombe vya kuketishia springi. Kazi hiyo ilimaliza kiangazi chote na karibu fedha zetu zote.

Zilibaki springi. Hapo ndipo tulipoharibu.

Kwanza tulikuwa tunabishana hata juu ya jina. Wa Tanga husema springi. Wa Mombasa alikumbuka bibi yake akiita kamani, neno alilolisikia kwa saa ya ukutani na kwa kitanda na kwa gari, yote sawa. Mzee huziita resori, kama Wakongomani wengi walioazima Kifaransa. Mwenzetu Mmarekani aliandika maneno yote matatu katika daftari lake akauliza lipi ni sahihi. Tulimjibu kwa pamoja, kila mtu jibu lake.

Kuuliza si ujinga, wasemavyo, nasi tuliuliza sana. Kila mtu mwenye gari refu tuliyemkuta kituo cha mafuta tulimwuliza, "Umeweka springi za inchi ngapi?" Mmoja alisema tatu, mwingine tano na nusu, wa tatu alisema kadiri zinavyozidi ndivyo bora. Tulirudi nyumbani na majibu mengi, wala hatukuona kwamba swali letu lilikuwa moja tu: gari litasimama juu kiasi gani? Hatukumwuliza mtu hata mmoja gari lake lina uzito gani, wala hatukujiuliza la kwetu.

Kisha tukapewa springi za bure. Zilitoka kwenye pickup kubwa ya dizeli iliyopata ajali, nene kama kidole gumba, na zilionekana za kazi. Tulizifunga Ijumaa jioni. Tuliposhusha jeki, mbele ya gari haikushuka karibu kabisa. Liliinua pua kama mbuzi anayenusa mvua. Tulikuwa tumepanga springi ikibeba gari iwe na urefu wa inchi 13. Hii ilibaki na inchi 15 na zaidi ya nusu.

Kusimama juu kupita kiasi si suala la sura tu. Katika mpango wa mikono miwili mirefu, chasisi ikipanda, ekseli nayo huzunguka kidogo kwenye mhimili wake, na ule mwinamo unaolifanya gurudumu lijirudishe katikati hupungua. Tulipojaribu gari barabarani, stelingi ilikuwa nyepesi na gari likitangatanga kama mtu aliyeamka usingizini. Tena ile fimbo inayozuia ekseli isisogee kando ililala kwa pembe kali, ikaivuta ekseli yote upande mmoja. Tulisimama kando ya barabara tukipima kwa macho tairi la kushoto lilivyotokeza kuliko la kulia.

Dawa tuliyoichagua ni ile ya wenye haraka. Tulikata duru moja ya kila springi kwa grainda. Gari lilishuka karibu inchi moja na robo tatu, tukapongezana. Mwenzetu wa uhandisi ndiye aliyeshika grainda, na mpaka leo akikumbuka hilo hufunika uso, kwa sababu alikuwa amefaulu mtihani wa somo lenyewe miezi mitano kabla.

Jumamosi iliyofuata tulimchukua Mzee kwa majaribio. Hatukwenda mbali, maili kumi hivi za barabara ya changarawe nje ya mji. Tulitaka kumwonyesha. Kila kijiwe kilipita kutoka tairini hadi kitini bila kupumzika njiani. Mzee alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili, akanyamaza. Sisi tulikuwa tunapiga kelele za furaha, na ukimya wake tukaufasiri kuwa ni kuvutiwa. Tulipofika kwake alishuka polepole, akasimama akiegemea boneti kwa muda, akasema "Aksanti, batoto," akaingia ndani.

Jumatatu usiku hakuwapo kazini. Jumanne pia hakuwapo. Jumatano mwenzetu wa Mombasa, ambaye husomea kuwatazama watu wanavyotembea, alikwenda kumjulia hali akamkuta amelala sakafuni juu ya mkeka, kwa kuwa kitanda kilimwumiza. Mzee hulipwa kwa saa. Zamu tatu alizokosa zilikuwa fedha za chakula na za kufungasha vitu vyake vya safari ya Iowa. Tulikwenda sote usiku huo, na fedha tulizochanga katika bahasha, na ugali na sombe aliyopika mama mmoja wa jengo lile. Bahasha aliikataa. Sombe aliila. Alipomaliza kunawa, akatutazama mmoja mmoja.

"Gari, mulipima?"

Tukasema hatukupima.

"Na mimi, muliniuliza?"

Hatukuwa na la kusema. Alikuwa ametupakia gari lake miezi mitatu, na tulikuwa tumeuliza watu wa vituo vya mafuta ambao hatukujua hata majina yao. Yeye aliyeendesha miaka ishirini juu ya resori za kila namna, na ambaye mgongo wake ndio ungekaa kwenye kile kiti, hatukumwuliza neno. Akatueleza bila kukasirika. Kwao, alisema, dereva anayenunua resori ngumu ni yule anayetaka kupakia kupita kiasi. Gari likiwa tupu, resori hizo humpiga dereva. Likijaa, hulipiga daraja. "Resori haina kazi ya kuinua gari. Iko na kazi ya kubeba muzigo yenye iko." Akaongeza kwamba ukitaka kujua mzigo, nenda kwenye mizani, usiende kwa rafiki.

Alhamisi tulikwenda kwenye mizani ya malori. Vituo vikubwa vya mafuta kandokando ya barabara kuu huwa nazo, na kwa dola chache hupewa karatasi inayoonyesha uzito wa kila ekseli peke yake. Tulipanda kama tungekuwa safarini: mafuta yamejaa, sanduku la spana, maji, na watu wanne, mmoja wetu akiwa ameshika gunia la mchele la ratili 25 kufidia tofauti yake na Mzee. Mbele karatasi ilisema ratili 2,140.

Lakini si uzito wote huo unaokaa juu ya springi. Tairi, rimu, breki na ekseli yenyewe viko chini yake. Ardhi ndiyo inayovibeba moja kwa moja. Kuvipima tulifanya jambo ambalo jirani alitoka kulitazama. Tulinyanyua chasisi kwa jeki, tukaiweka juu ya vigogo, tukazitoa springi, na kila tairi la mbele tukaliketisha juu ya mizani ya bafuni, ile ya kupimia watu. Kulia ilisoma ratili 334, kushoto 306, kwa kuwa difu ya mbele ya ekseli hiyo iko upande wa kulia. Jumla 640. Ukiondoa 640 katika 2,140 hubaki 1,500, yaani ratili 750 kwa kila springi. Hiyo ndiyo namba ambayo miezi mitatu hatukuwa nayo, na bila hiyo kila kitu kingine kilikuwa kubahatisha.

Sasa tuseme springi inavyofanya kazi. Robert Hooke, Mwingereza, aliichapisha kanuni yake mwaka 1678: springi hunyooka au hubonyea kwa kadiri ya nguvu inayowekewa. Ukiweka ratili 175 ikabonyea inchi moja, ukiweka 350 itabonyea mbili. Ugumu wake basi hutajwa kwa ratili kwa kila inchi. Na ugumu huo hauji kwa bahati. Unategemea mambo matatu unayoweza kuyapima kwa rula na geji: unene wa waya, upana wa duru, na idadi ya duru zinazofanya kazi.

Unene wa waya ndio wenye nguvu kubwa, kwa sababu unazidishwa kwa wenyewe mara nne. Waya ukinenepa kwa asilimia 10 tu, ugumu hupanda kwa asilimia 46. Springi zetu za bure zilikuwa na waya wa inchi 11/16. Duru zilikuwa na upana wa inchi 5, ukipima kutoka katikati ya waya hadi katikati ya waya, na duru 8 zilikuwa zikifanya kazi. Tulipokokotoa tukapata karibu ratili 320 kwa inchi. Ziligawanywa kwa gari zito. Chini ya ratili zetu 750 zilibonyea inchi 2.3 tu, ndiyo maana gari liliinua pua.

Na ile duru tuliyoikata? Idadi ya duru hufanya kazi kinyume: zikipungua, ugumu huongezeka. Kila duru hujikunja kidogo, na ukiondoa moja, zilizobaki lazima zifanye kazi yake. Kwa kukata duru moja kati ya nane tulitoka 320 tukaenda zaidi ya 365. Tulidhani tunalituliza gari, kumbe tulikuwa tunalikasirisha. Mtikisiko wa gari lililobonyea inchi 2 tu ni wa karibu mara 130 kwa dakika. Mwili wa binadamu hauupendi mwendo huo. Magari yanayotengenezwa kwa starehe hukaa karibu na mara 60 hadi 90, mwendo unaokaribia ule wa mtu anayetembea taratibu. Mwenzetu wa uuguzi alilisoma jambo hilo kwa sauti, na hakuna aliyecheka.

Tulichagua upya tukiwa na karatasi ya mizani mezani na Mzee kwenye simu. Tulijiuliza mambo manne, na tunayaandika hapa kwa faida ya yeyote atakayepita njia hii.

La kwanza, springi ibonyee kiasi gani ikibeba gari? Tulichagua zaidi kidogo ya inchi 4. Gawa 750 kwa hizo, unapata karibu ratili 175 kwa inchi. Mtikisiko wake ni wa karibu mara 90 kwa dakika. Laini zaidi ingewezekana, lakini gari refu lenye springi laini sana hulala upande kwenye kona na hupiga magoti ukifunga breki, na Mzee alisema hataki gari lenye kusujudu kila taa.

La pili, urefu wake ikiwa haijabeba kitu. Huu ni wa kujumlisha tu: inchi 13 tulizozitaka, ukiongeza inchi 4.3 za kubonyea. Tulichukua ya inchi 17 na nusu, tukijua springi mpya hukaa chini kidogo baada ya wiki chache. Hapa ndipo urefu wa gari unapoamuliwa. Unaamuliwa mwishoni, baada ya uzito na ugumu, ilhali sisi tulikuwa tumeanza nao.

La tatu, gurudumu likipanda hadi mwisho, je, duru zitagusana? Springi yetu mpya ina waya wa inchi 5/8 na duru 12 kwa jumla, 10 zikifanya kazi. Zikibanwa zote zikagusana ni inchi 7 na nusu. Shokapu zetu zina inchi 5 za kupanda, kwa hiyo springi ingefika inchi 8. Nafasi ilibaki nusu inchi. Hiyo ni ndogo, tukafunga raba za kuzuia kugonga ili zipokee pigo kabla ya chuma kukutana na chuma.

La nne, gurudumu likishuka hadi mwisho, je, springi itabaki kikombeni? Shokapu inashuka inchi 5, springi imebonyea inchi 4.3. Maana yake pale chini kabisa springi inalegea na inaweza kuruka nje. Kila springi ilifungwa kwa bamba na boliti kwenye kikombe cha chini. Wanaosahau hili huokota springi zao njiani.

Kulikuwa na ugomvi mmoja. Mwenzetu wa Tanga alitaka springi ngumu zaidi kidogo, kwa ajili ya winchi atakayoinunua siku moja. Winchi ya ratili 80 iliyoning'inia mbele ya ekseli huongeza zaidi ya ratili 80 juu ya ekseli hiyo, kama vile ndoo inavyokuwa nzito zaidi ukinyoosha mkono. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Lakini winchi haikuwapo. Wa Mombasa alimwambia: tulishamwumiza mzee kwa gari la watu wengine, tusimwumize tena kwa gari la ndoto zako. Maneno yalikuwa makali na siku mbili hawakusemezana. Hatimaye yule wa Tanga mwenyewe ndiye aliyeandika oda: ratili 175. Springi zililetwa mwishoni mwa Septemba. Jozi ilitugharimu dola 180, na wiki hiyo tulikula wali na maharage bila kulalamika sana.

Tuliposhusha jeki safari hii gari lilishuka, likashuka, likatulia. Tulipima: inchi 13 na robo kushoto, na zaidi kidogo kulia. Hatukupongezana. Tulimpigia Mzee simu tukamwuliza kama angependa kulijaribu, na kama angependa, ni lini, na kwa umbali gani. Alisema twende mpaka dukani na kurudi. Tukaenda dukani na kurudi. Kesho yake asubuhi mmoja wetu alipita kumwuliza mgongo umeamkaje. "Haujasema kitu," alijibu.

Wiki ya pili ya Oktoba tulimpeleka San Rafael Swell. Tulitoka kabla ya alfajiri, tukapanda Soldier Summit, tukapita Price na Castle Dale, kisha lami ikaisha. Barabara ile imejikunja kama bati kwa maili nyingi. Ni barabara ya kumpima mtu. Tulipunguza upepo wa tairi, tukaenda taratibu, na kila mmoja wetu alikuwa akimtazama Mzee kwa pembe ya jicho badala ya kutazama mabonde.

Tulisimama Wedge, ukingoni, mto ukiwa chini kabisa kama uzi. Tulishuka Buckhorn Wash, tukaona michoro ya watu wa kale kwenye ukuta wa mwamba, watu warefu wasio na miguu. Mtoni tulikuta daraja la kuning'inia lililojengwa mwaka 1937, ambalo sasa huvukwa kwa miguu tu. Mzee alilivuka polepole akishika waya, akafika katikati akasimama, akaanza kulitikisa kwa makusudi, kidogo, kwa goti moja. "Hii," alisema, "walipima."

Jioni taa zilikuwa mbali sana nasi, na nyota zikatoka zote. Hakusema mengi, na sisi hatukumwuliza mengi. Tulipoanza kurudi kwenye ile barabara ya mabati, tulisikia kitu upande wa kiti cha mbele, tukadhani kuna boliti imelegea. Tukapunguza mwendo, tukasikiliza. Alikuwa Mzee anakoroma.

Mwisho wa mwezi alihamia Iowa. Gari ametuachia, kwa sharti kwamba lisikae bure na lisipakiwe kwa majivuno. Liko nyuma ya jengo la wanafunzi wa uzamili, na mwanachama yeyote anayehama nyumba au anayetaka kubeba meza za sherehe ya klabu aje atuone. Karatasi ya mizani iko kwenye kisanduku cha mbele. Ukitaka kulifunga kitu kizito, winchi kwa mfano, utaandika kwanza chini ya ile 2,140 uzito wake ni ratili ngapi.

Mzee hupiga simu Jumapili. Huuliza kwanza kama tumekula. Kisha huuliza, "Na resori, ziko namna gani?" Tunamjibu ziko salama, hazijashuka. Halafu tunamwuliza mgongo, na tunangoja mpaka ajibu.